Ndege Ndogo Inaposumbua Kutua: Dalili, Sababu na Mahali pa Kusimama

Malalamiko yanayofika kwenye karakana za ndege ndogo ni yale yale: ndege imedunda, imevuta upande, breki hazikushika, injini imekohoa ikikaribia kutua. Rubani anaandika mstari mmoja kwenye daftari la hitilafu, fundi anabadilisha kifaa kilicho karibu, na baada ya siku chache mstari ule ule unarudi. Maelezo haya ni kwa rubani mwanafunzi, fundi kijana na mwenye ndege wa Unguja na Pemba. Kila dalili inaanza na sababu inayotokea zaidi na ukaguzi usiohitaji spana. Namba nyingi ni za Cessna 172, ndege ya mafunzo inayofahamika zaidi duniani. Ndege yako ina kitabu chake, na kitabu hicho ndicho kinachoamua.

Dalili nyingi zinazoonekana kwenye lami zilianza angani, maili mbili au tatu kabla ya kugusa. Fundi asiyeuliza ndege ilikujaje atabadilisha tairi nzima na tatizo litabaki palepale. Kwa hiyo swali la kwanza siku zote ni kwa rubani: ulikuwa na kasi gani, upepo ulitoka wapi, na ulianza kuinua pua wapi?

Ndege inaelea juu ya lami, haitaki kugusa

Anza na kasi. Cessna 172S yenye flapu zote chini (vibati vya nyuma ya mabawa vinavyoshushwa wakati wa kutua) hutakiwa kuja kwa noti 60 hadi 70, yaani maili za baharini kwa saa. Rubani mwenye wasiwasi huongeza tano za akiba, hewa ikichafuka anaongeza tano nyingine, na anavuka mwanzo wa njia ya kutulia akiwa na 78. Kasi ikizidi kwa asilimia 10, umbali wa kutua huongezeka kwa karibu asilimia 20, kwa sababu nguvu inayopaswa kumalizwa inakua kwa mraba wa kasi. Uwanja wa Abeid Amani Karume una njia ya mita 3,022, kwa hiyo Unguja kosa hili halionekani. Ndege inaelea, inaelea, inagusa, na lami bado ipo tele. Tabia hiyo hiyo ikipelekwa Chake Chake, ambako njia ni karibu nusu ya hiyo, inazaa ajali. Mwalimu anayemfundisha mwanafunzi Unguja ampe alama ya kugusa, na amhukumu kwa alama hiyo, asimhukumu kwa lami iliyobaki.

Sababu ya pili ni upepo wa nyuma. Kusi na Kaskazi zikishakaa, upepo unajulikana. Hatari iko kwenye tangambili, wakati upepo unapogeuka mara mbili kwa asubuhi moja na rubani bado anatua upande aliotua jana. Kitabu cha Cessna kinasema uongeze asilimia 10 ya umbali kwa kila noti 2 za upepo wa nyuma, na kinakoma kwenye noti 10. Angalia mfuko wa upepo kwa macho yako, hata kama mnara umekwisha kukupa namba.

Ya tatu ni joto. Nyuzi 30 za Selsiasi usawa wa bahari huifanya hewa iwe nyepesi kama ya futi 1,800 hivi kwenye siku ya kawaida. Saa ya kasi itasoma vilevile, lakini magurudumu yatagusa lami yakiwa na mwendo mkubwa zaidi. Peke yake ni jambo dogo, lakini likiungana na mawili ya juu ndege itaishia nje ya lami.

Dawa ni kupaa tena. Amua kabla hujafika: kama hujagusa ndani ya theluthi ya kwanza ya njia, unaweka nguvu kamili, unapandisha flapu kwa hatua, unaondoka. Kupaa tena hakuandikwi kama kosa mahali popote. Ninalisema hili kwa uchungu, kwa sababu ndege nyingi zilizovunjika wakati wa kutua zilikuwa nzima kabisa sekunde kumi kabla, na nguvu ya kuondoka ilikuwapo.

Simama hapa: kama flapu ya bawa moja imeshuka na ya pili haikushuka, au flapu hazifiki mwisho, ndege hairuki tena mpaka mhandisi mwenye leseni aifungue.

Ndege inadunda

Kudunda kwa kwanza aghalabu hakuvunji kitu. Kinachovunja ni jibu la rubani. Ndege ikiruka juu, mkono wenye hofu unasukuma usukani mbele ili kuirudisha chini, gurudumu la pua linapiga lami kabla ya magurudumu makubwa, ndege inaruka juu zaidi, na mchezo unajirudia. Kila pigo ni kali kuliko lililotangulia. Ukifika la tatu, gurudumu la pua linakunjika na propela inachimba lami.

Mwanzo wake huwa ni mojawapo ya haya: kasi iliyozidi, pua kuinuliwa mapema mno ndege ikiwa bado juu, au kutoinuliwa kabisa. Kuna pia kudanganyika kwa macho, na visiwani hapa jambo hili linastahili kufundishwa wazi. Njia iliyo pana kuliko uliyoizoea hukufanya ujione uko chini zaidi ya ulivyo, kwa hiyo unainua pua mapema na ndege inadondoka. Njia nyembamba hufanya kinyume: unajiona uko juu, unakuja chini mno. Aliyezoea njia ndogo akija Unguja ajihadhari na la kwanza, na wa Unguja akienda Pemba ajihadhari na la pili. Kuja juu ya bahari tulivu isiyo na alama kunaongeza udanganyifu huohuo wa kujiona uko juu.

Jibu sahihi: ikidunda kidogo, shikilia pua ilipo, ongeza nguvu kidogo, iache ishuke yenyewe. Ikidunda sana, nguvu kamili na uondoke. Usisukume usukani mbele.

Baada ya pigo zito, ukaguzi wa haraka ni huu. Angalia matairi na shokapu ya gurudumu la pua. Kisha fungua kifuniko cha injini utazame ukuta wa bati unaotenganisha injini na chumba cha rubani, maana kwenye Cessna 172 hapo ndipo gurudumu la pua linapojiegemeza na ndipo mikunjo inapoonekana kwanza. Tazama ribiti zilizozungukwa na vumbi jeusi, hizo zimelegea. Shika ncha ya bawa uipandishe na kuishusha taratibu huku ukisikiliza.

Simama hapa: mkunjo wowote kwenye ukuta huo, au alama yoyote ya propela kugusa lami, umemaliza kazi ya karakana ndogo. Propela iliyogonga inapeleka pigo ndani ya injini, na watengenezaji wa injini wanataka injini ifunguliwe na kukaguliwa hata kama inawaka na kulia vizuri. Kunyoosha ncha ya propela kwa nyundo na kuendelea kuruka ni kuhatarisha maisha ya watu.

Ndege inavuta upande mmoja baada ya kugusa

Hapa kisiwa chenyewe kinakupa kipimo kizuri kuliko mashine yoyote. Njia ya Unguja imelala kaskazini kwa kusini. Kaskazi inavuma kutoka kaskazini-mashariki na Kusi kutoka kusini-mashariki, kwa hiyo katika misimu yote miwili upepo wa ubavuni unatoka upande wa mashariki. Ndege iliyo chini hupenda kugeuza pua kuelekea upepo. Ukitua wakati wa Kaskazi ukielekea kaskazini, mashariki iko kuliani. Ukitua wakati wa Kusi ukielekea kusini, mashariki iko kushotoni.

Basi fungua daftari la hitilafu urudi nyuma miezi. Ndege inayovuta kulia wakati wa Kaskazi na kushoto wakati wa Kusi haina ugonjwa. Rubani ndiye anayehitaji mazoezi ya upepo wa ubavuni. Ndege inayovuta upande ule ule wa mwili wake misimu yote ina kasoro ya chuma au mpira.

Kwa rubani: upepo wa noti 20 unaokuja kwa pembe ya nyuzi 30 unakupa noti 10 za ubavuni, kwa nyuzi 45 unakupa 14. Cessna 172 imeonyeshwa na watengenezaji ikitua kwenye noti 15 za ubavuni. Hiyo ilikuwa mikono ya rubani wa majaribio. Mwanafunzi ajiwekee mpaka ulio chini ya hapo, na usukani wa mabawa ubaki umegeuzwa upande wa upepo mpaka ndege isimame. Wengi huuachia mara tu magurudumu yanapogusa, na hapo ndipo ndege inapokimbilia majani.

Kwa fundi, mpangilio ni huu: upepo wa tairi kwanza, kwa kipimo na si kwa teke. Kisha inua gurudumu ulizungushe kwa mkono. Likigoma, breki inakamata. Kisha pedi na diski. Mwisho kabisa, mkao wa mguu wa gurudumu, ambao hautapinda wenyewe bila pigo zito lililotangulia. Ukiukuta umepinda, uliza ni nani aliyetua nayo vibaya na hakuandika.

Gurudumu la pua linatetemeka

Uzito umewekwa juu yake mapema mno, au tairi halina uwiano. Mwambie rubani aishikilie pua juu kwa muda mrefu zaidi. Mtetemo ukibaki, kagua kizuia mtetemo kama kimeishiwa mafuta, kisha bushi na boliti za mikono inayounganisha sehemu ya juu na ya chini ya mguu. Huku kwetu chumvi ya bahari hula bushi hizo kabla ya muda wake, kwa hiyo muda ulioandikwa kwa nchi kavu usiusubiri.

Breki hazishiki

Mvua ya masika ndiyo ya kwanza kuulizwa. Tairi linaweza kupanda juu ya maji na kuteleza bila kugusa lami. Kanuni ya makadirio ni mara 9 ya kipeuo cha pili cha upepo wa tairi, kwa noti. Tairi lenye paundi 36 kwa inchi ya mraba linaanza kuteleza kwenye noti 54 hivi, yaani katika kasi ileile ndege ndogo inayotua nayo. Breki mpya hazitasaidia hapo. Subiri mvua ipite au nenda kwingine.

Lami ikiwa kavu, kanyaga breki ndege ikiwa imesimama. Kanyagio likizama kama sponji, kuna hewa kwenye bomba. Likishuka polepole chini ya mguu, mpira wa pampu umekwisha. Likiwa gumu na ndege haisimami, tazama pedi na diski. Ndege iliyokaa bila kuruka karibu na bahari hupata kutu kwenye diski ndani ya siku chache, na kutu hiyo hula pedi.

Onyo moja ningetamani liandikwe kwa rangi nyekundu kwenye kila karakana. Breki za ndege hizi hutumia mafuta mekundu ya haidroliki, ya asili ya madini. Mafuta ya breki ya gari yaliyopo dukani yanaharibu mipira yake. Breki itafanya kazi leo na kesho, kisha itaachia siku rubani anapoihitaji. Ikishawekwa, kumwaga pekee hakutoshi. Mipira yote inabadilishwa na bomba zinasafishwa, na kazi hiyo ni ya mhandisi mwenye leseni.

Injini inapoteza nguvu ndege ikiwa kwenye mkondo wa mwisho

Watu hawaamini kwamba barafu inaweza kufunga injini Zanzibar. Inaweza. Hewa ikipita kwenye kabureta, kifaa kinachochanganya hewa na petroli, na mafuta yakigeuka mvuke, joto la ndani linaweza kushuka kwa nyuzi 30 za Selsiasi au zaidi. Hewa yetu imejaa unyevu, na unyevu huo unaganda kwenye koo la kabureta hasa nguvu ikiwa imepunguzwa kwa ajili ya kushuka. Dalili ni mizunguko kupungua polepole, injini kukohoa, kisha kimya. Kwenye injini ya kabureta, vuta hita ya kabureta kabla ya kupunguza nguvu. Injini ikikohoa zaidi kwa muda mfupi baada ya kuivuta, usiirudishe. Barafu inayeyuka na kupita. Cessna 172S na ndege nyingine zenye sindano za mafuta hazina kabureta, kwa hiyo huko anza na sababu inayofuata.

Sababu hiyo ni mafuta. Koki ya tangi iko wapi? Tangi lililochaguliwa lina kitu? Geji za ndege ndogo haziaminiki. Kipimo cha kuaminika ni kijiti kinachochovywa tangini kabla ya kuruka. Kisha maji. Ndege iliyolala usiku na tangi nusu hukusanya umande ndani yake. Maji ni mazito kuliko petroli, kwa hiyo hukaa chini kabisa, na kikombe cha kupimia kitayaonyesha asubuhi kabla ya mtu yeyote kutikisa ndege. Petroli ya ndege aina ya 100LL ni ya buluu. Kikombe kikiwa na maji matupu utadhani ni safi kwa sababu hakuna mstari wa kutenganisha, kwa hiyo tafuta rangi.

Simama hapa: injini iliyopoteza nguvu angani hata mara moja, hata kama iliamka yenyewe, hairuki mpaka sababu ipatikane na kuandikwa.

Saa ya kasi inasoma ajabu

Nyigu wa tope. Huingia kwenye mrija wa kupimia kasi na kujenga ndani yake ndege ikiwa imeegeshwa bila kifuniko. Usipulize mrija kwa mdomo wala kwa kompresa, utaharibu saa. Fundi autenganishe na saa kwanza. Rubani anayeona mshale haupandi wakati wa kuruka asimamishe ndege palepale, ikiwa bado chini.

Ndege inalala ubavu ghafla karibu na ardhi

Unguja ndege ndogo hutumia njia moja na majeti makubwa. Ncha za mabawa ya jeti huacha vimbunga viwili vinavyozama taratibu nyuma yake, na upepo mwepesi wa ubavuni unaweza kukishikilia kimoja juu ya njia. Kiwango cha kimataifa kwa ndege ndogo inayotua nyuma ya kubwa au ya kati ni dakika 3. Kaa juu ya mkondo wa jeti, gusa mbele ya pale lilipogusa. Lami ndefu ya Unguja hapa inakufaa kweli. Mnara ukikupa ruhusa nawe hujaridhika, omba kusubiri.

Ajali imeshatokea

Watu kwanza. Zima umeme mkuu, funga koki ya mafuta, toa watu, waondoe upande upepo unakotoka. Wanakijiji na wavuvi ndio watakaofika mwanzo, kama ilivyokuwa Bukoba tarehe 6 Novemba 2022, ndege ya abiria ilipoanguka Ziwa Victoria ikijaribu kutua. Walikuwamo watu 43. 24 walitoka hai, na wavuvi walikuwa majini kabla ya vyombo rasmi. Anayekaribia asipite mbele ya propela hata ikiwa imesimama, na asiwashe kitu.

Watu wakishatoka, mikono yote itoke pia. Ndege ndogo nyingi hazina kisanduku cha kurekodi safari. Mabaki yenyewe ndiyo rekodi. Jinsi panga za propela zilivyokunjika humwambia mchunguzi kama injini ilikuwa inavuta. Nyuzi zilizobaki wazi kwenye skrubu ya flapu zinampa pembe ya flapu. Waya mwembamba ndani ya balbu ya taa ya onyo ukiwa umevutika, balbu ilikuwa inawaka wakati wa pigo. Koki iliyoguswa na msamaria baada ya uokoaji, swichi iliyorudishwa na fundi mwenye huruma, bawa lililovutwa ili lori lipite: kila kimoja kinafuta sentensi.

Vitu vichache haviwezi kusubiri. Alama za tairi kwenye lami hufutwa na mvua moja ya masika, kwa hiyo zipigwe picha mara moja, kipimo cha futi kikiwa kimelazwa kando yake. Ndege iliyotua ufukweni au kwenye mwamba ina saa sita tu kabla maji hayajajaa, na wakati wa bamvua bahari yetu hupanda kwa karibu mita 4. Hapo inaruhusiwa kuisogeza, lakini picha kwanza, kutoka pande zote, na kila koki na swichi ziandikwe zilivyokutwa. Kisanduku cha kurekodi kilichotoka baharini kisikaushwe. Kiwekwe ndani ya maji baridi yasiyo na chumvi mpaka wataalamu wakichukue.

Usafiri wa anga ni jambo la Muungano. Ajali ya Pemba inachunguzwa na kitengo cha uchunguzi kilicho chini ya wizara ya uchukuzi, tofauti na TCAA, Mamlaka ya Usafiri wa Anga Tanzania, inayotoa leseni na tofauti na mamlaka ya viwanja vya Zanzibar. Nchi iliyotengeneza ndege ina haki ya kutuma mwakilishi. Kwa Cessna hiyo ni Marekani. Utaratibu unatoka Kiambatisho cha 13 cha Mkataba wa Chicago wa 1944, na kinasema wazi kwamba lengo pekee ni kuzuia ajali nyingine, si kugawa lawama. Ripoti ya awali hutarajiwa ndani ya siku 30, ya mwisho ndani ya miezi 12 ikiwezekana.

Uliyoyaona yaandike kabla hujakaa barazani. Ukishasikia simulizi za watu watatu, kumbukumbu yako inachukua rangi ya simulizi zao bila wewe kujua. Andika ulichoona na ulichosikia, saa ngapi, ulisimama wapi, ukiacha nje unachodhani kilisababisha. Video ya simu mpe mchunguzi faili lenyewe, si nakala iliyopita WhatsApp, kwa sababu nakala hiyo hupoteza ubora na saa iliyorekodiwa ndani yake. Mwenye ndege afunge vitabu vyote vya matengenezo siku hiyo hiyo na kuvikabidhi kwa sahihi, bila kuongeza mstari hata ule aliosahau kuandika wiki iliyopita. Huo autaje kwa mdomo. Na mabaki yasiinuliwe, yasioshwe chumvi wala yasiuzwe vipuri mpaka mchunguzi atoe ruhusa kwa maandishi.